Makopo ya Babu na Sauti Niliyoifuta

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mnisamehe. Kazi za gazeti zilinibana, leo mbolea ya ruzuku, kesho bei ya mahindi, keshokutwa kikao cha madiwani... Leo naomba niyaweke hayo pembeni. Nataka tuzungumze historia, ila nitapitia njia ya mbali kidogo. Nitaanzia kwenye tamthilia ya kale ya Waingereza, iliyoanza 1963, kuhusu mzee anayesafiri katika nyakati akiwa ndani ya kibanda cha bluu. Najua kuna atakayeuliza, "Songea na mambo hayo wapi na wapi?" Nivumilieni. Mwisho wa safari kuna kosa langu mwenyewe, na kosa hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Tuanze na babu.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa mwaka 1943, upande wa Peramiho. Alisoma kwa wamisionari, akamaliza darasa la nane, na mwaka 1964 akaenda kutafuta maisha. Alifika Dar es Salaam, kisha Nairobi, akaajiriwa Posta na Simu ya Afrika Mashariki kama fundi wa laini za simu. Alikaa huko mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, akarudi nyumbani na bibi, watoto wawili, sanduku la bati na redio. Mpaka leo yuko hapa mjini, Msamala, na akili zake ni timamu kuliko zangu.

Tulipokuwa wadogo babu alikuwa na hadithi za sungura na fisi kama mababu wote. Lakini alikuwa na hadithi nyingine ambayo hatukuipata kwa mtu mwingine yeyote. Alisema huko Nairobi aliwahi kuona makopo. Makopo makubwa kama mapipa, yanayotembea bila miguu, yana jicho moja kwenye mti mrefu, na mkono mmoja unafanana na kile kifaa cha kuzibulia sinki. Makopo hayo yanaua watu. Na yupo mzee mmoja mwenye nywele nyeupe anayepambana nayo, anaishi kwenye kibanda cha simu, kibanda kidogo tu cha kusimama mtu, lakini ukiingia ndani ni jumba zima!

Tulicheka mpaka tukalia. Kwetu pale nyumbani "makopo ya babu" ikawa na maana ya uongo. Ndugu yangu akisema amepata tisini ya hisabati, tunamjibu, "Hayo makopo ya babu." Tulikuwa tunakwenda kwenye mabanda ya video pale Lizaboni, tunalipa tunaangalia sinema za Kichina na Kimarekani zilizotafsiriwa na akina Lufufu, na hatukuwahi kuona kopo hata moja. Basi babu anatupiga kamba.

Halafu tulikuwa na sababu nyingine ya kutomwamini. Wazee wengine wa rika lake waliobaki huku hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya luninga miaka ya 60. Na wasingekuwa nayo! Hapa vijana wenzangu wengi hawaijui historia hii. Kenya ilianza kurusha matangazo ya luninga mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar walianza mwaka 1973, tena moja kwa moja kwa picha za rangi, wakati nchi nyingi za Afrika bado zina nyeusi na nyeupe. Sisi wa bara tulisubiri mpaka mwaka 1994, baada ya milango ya vyombo binafsi kufunguliwa. Serikali ya Mwalimu iliona luninga ni anasa ya wachache wa mjini, heri fedha iende kwenye redio inayomfikia mkulima. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule, lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa Songea aliyeona luninga mwaka 1965 alikuwa kama mtu aliyekwenda mwezini. Akisimulia, nani atamsadiki?

Sasa twende Desemba 2023. Nilikuwa napitia habari za kimataifa, nikaona jina la Ncuti Gatwa. Huyu ni mwigizaji aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992. Familia yake ilikimbia mauaji ya kimbari, akakulia Uskoti. Habari ilisema amekuwa mhusika mkuu wa tamthilia ya BBC inayoitwa Doctor Who. Nikafurahi, kijana wa jirani zetu kafika mbali. Nikateremka chini kusoma zaidi, na pale chini kulikuwa na picha ya kale, nyeusi na nyeupe.

Wadau, lilikuwa ni kopo.

Mwili mithili ya pipa. Jicho moja kwenye mti. Mkono ule ule wa kuzibulia sinki. Na nyuma yake amesimama mzee mwenye nywele nyeupe. Nilikaa mbele ya kompyuta nikasema kwa sauti, "Babu, nisamehe."

Nikaanza kufukua. Doctor Who ilianza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Mtayarishaji wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Verity Lambert, akiwa na umri chini ya miaka 30. Mwongozaji wa hadithi ya kwanza alikuwa Waris Hussein, kijana mzaliwa wa India. Hebu fikirieni BBC ya mwaka 1963, imejaa wazee wa Kizungu wenye kiko mdomoni, halafu kazi inabebwa na mwanamke na Mhindi, wote vijana. Mzee mwenye nywele nyeupe aliitwa William Hartnell. Kile kibanda cha bluu kweli kilikuwa na simu! Uingereza ya zamani polisi walikuwa na vibanda hivyo mitaani, raia anafungua kidirisha anapiga simu kituoni. Babu, fundi wa simu, alikitambua mara moja, sisi tukamcheka. Makopo yanaitwa Dalek. Yalitungwa na mwandishi Terry Nation, akayachora Raymond Cusick, na mkono ule kweli ni kifaa cha kuzibulia, kwa sababu fedha ya kutengeneza kitu cha maana haikuwepo.

Mwaka 1966 Hartnell afya yake ilikuwa imezorota. Watengenezaji wakabuni ujanja: yule mzee si binadamu, akichakaa anabadilika sura na mwili, anaendelea kuwa yeye yule. Akaingia Patrick Troughton. Ujanja huo ndio uliofanya tamthilia iendelee mpaka 1989, ikarudi tena 2005, na mpaka kijana wa Kinyarwanda akaja kuivaa nafasi ile ile ya mzee yule wa 1963. Uingereza kila mtoto anaijua. Lakini sehemu zake za kale kabisa hata Waingereza wenyewe wengi hawajaziona. Na hapa ndipo historia yenyewe inapoanza.

BBC walizifuta.

Sisemi zilipotea kwa moto au vita. Walizifuta wenyewe, kwa mikono yao, kwa utaratibu wa ofisi. Kipindi kilirekodiwa kwenye mkanda wa video, na mkanda wakati ule ulikuwa ghali sana. Makubaliano na chama cha waigizaji yalizuia kurudia vipindi mara nyingi. Mikanda ya video ya kuuziwa watu majumbani haikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 60 rangi ikaingia, nani tena atataka kitu cheusi na cheupe? Basi mkanda unafutwa, unarekodiwa kitu kingine. Kabla ya kufuta walikuwa wanatengeneza nakala za filamu za milimita 16 ili kuuza nje, lakini haki za mauzo zilipokwisha nazo zikaanza kutupwa. Uharibifu ule ulisimama mwaka 1978. Katika vipindi 253 vya miaka ya 60, zaidi ya mia moja vilikuwa vimetoweka.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Zile nakala za filamu zilikuwa zimesafiri. BBC waliuza kwa vituo vya nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, Kenya, Uganda, Zambia na Nigeria zikiwamo. Kituo kimoja kikimaliza kuonyesha, kinapakia makopo ya filamu kwenye ndege yaende kituo cha nchi nyingine. Naona makopo yalikuwa mengi kuliko babu alivyodhani! Na mwaka 2013, Oktoba, ikatangazwa kwamba Mwingereza mmoja, Philip Morris, ameona kwenye stoo ya kituo kimoja cha luninga huko Jos, Nigeria, vipindi 11, na tisa kati ya hivyo vilikuwa vinahesabiwa kama vimepotea duniani. Vilikuwa rafuni, vina vumbi, miaka arobaini na zaidi. Hata baada ya hapo bado vilibaki 97 visivyojulikana viliko.

Nilipofika hapo nilicheka kicheko kibaya. Nikasema moyoni, hawa ndio tunaoambiwa kila siku ni mabingwa wa kutunza kumbukumbu! Wamefuta mali yao, wakaja kuikuta Afrika. Nikataka niandike makala ya kuwasuta, kichwa cha habari nilishakipata.

Nikaandika sentensi mbili. Ya tatu haikutoka.

Hapa ndipo kosa langu. Naomba nilieleze bila kulipaka rangi.

Mwaka 2021, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, nilikwenda kijiji kimoja nje ya mji kumhoji bibi mwenye umri zaidi ya miaka 90. Baba yake alikuwa mtoto mdogo wakati Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905. Mnaijua historia yetu, au mnatakiwa kuijua: tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wapatao 67 hapa Songea, na siku chache baadaye wakamnyonga Nduna Songea Mbano mwenyewe, ambaye mji huu unabeba jina lake. Kaburi la pamoja lipo pale kwenye makumbusho, na la Nduna liko peke yake. Wazee wanasema lina kiwiliwili tu, kichwa kilichukuliwa Ujerumani.

Hayo yapo vitabuni. Bibi yule hakunieleza ya vitabuni. Alinieleza njaa. Baada ya mapigano Wajerumani walichoma vihenge na mashamba, watu wakafa kwa njaa kuliko kwa risasi. Alisema bibi mzaa baba yake alichimba shimo chini ya mafiga, akaficha kibuyu cha mbegu ya ulezi, akasawazisha majivu juu yake. Watoto wakalala na njaa juu ya chakula, usiku baada ya usiku, na mama anajua kipo na hatoi, kwa sababu ile ni mbegu. Mmoja wa watoto alikufa. Mvua zikaja, mama akafukua kibuyu, akapanda. Bibi akaniambia, "Sisi wote unaotuona hapa tumetoka kwenye kibuyu kile." Kisha akaimba wimbo wa wanawake wa kutwangia, kwa Kingoni cha zamani ambacho hata mwanawe ilimbidi aulize maana ya maneno.

Saa mbili nzima. Nilirekodi zote kwenye kinasa sauti changu kidogo. Nikaandika habari, mhariri akaikata ikabaki kipande. Sauti ikabaki kwenye kinasa. Nikasema nitaihamishia kwenye kompyuta kesho.

Mwaka 2022 nilikuwa uwanjani, mwanasiasa mmoja anapanda jukwaani, kinasa kikaandika kwamba nafasi imejaa. Nina dakika mbili. Nikaangalia faili lililo kubwa kuliko yote, nikalifuta.

Hotuba ile sikumbuki hata neno moja. Gazeti halikuitumia.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea. Alisimama pale makumbusho, akakutana na wajukuu wa Nduna, akasema anaona aibu, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu. Lilikuwa tukio kubwa, wageni wengi, kamera nyingi. Mhariri wangu akapiga simu: "Una sauti ya mzee yeyote wa Majimaji?" Nikasema ninayo... kisha nikakumbuka sina.

Nikapanda bodaboda mpaka kijijini. Bibi alikuwa amefariki mwezi wa nne mwaka ule. Mwanawe, mzee wa miaka sitini na kitu, alinipokea vizuri, nikamwamkia, akaniletea kigoda, akanipa pole ya safari. Kisha akaniambia, "Mwanangu, Mungu amekuleta. Ile sauti ya mama bado unayo? Wajukuu wanataka kuusikia ule wimbo. Sisi hatukuwahi kuushika vizuri."

Nilimjibu, "Ipo mzee, nitaitafuta."

Haya. Sasa mnaelewa kwa nini sentensi ya tatu ilikataa. BBC walikuwa na sababu ya gharama ya mkanda. Mimi sababu yangu ilikuwa uvivu wa dakika kumi. Wote tulifuta cha zamani ili tupate nafasi ya cha leo, na wote tulikuwa na uhakika kwamba cha leo ni muhimu zaidi.

Januari 2024 nilikwenda Msamala kwa babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na gazeti au umekuja na njaa?"

Nikamwonyesha picha ya kopo kwenye simu. Alivaa miwani, akaangalia, hakushangaa wala hakucheka. Akairudisha simu akasema taratibu, "Miaka yote hiyo mlidhani mimi mwongo."

Nilimwomba radhi. Akasamehe, ila alinichangisha kilo mbili za sukari kwanza. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamwuliza vizuri: babu, uliyaonea wapi hasa?

Akasema hakuwa na luninga, nani alikuwa nayo? Kulikuwa na duka la redio na saa karibu na River Road, la Mhindi mmoja, na dirishani ameweka luninga moja inawaka jioni kuvutia wateja. Vijana waliotoka kazini walijazana kwenye kioo, mpaka askari anapita kuwafukuza. Na kwa kuwa ni nyuma ya kioo, walikuwa hawasikii kitu. Picha tu. Miaka yote ile babu aliangalia tamthilia ile bila sauti!

Nikamwuliza kama anakumbuka kingine tofauti na makopo. Akafikiri. Akasema kulikuwa na safari. Ngamia, jangwa, watu wamevaa Kichina, na kile kibanda cha bluu kimepakiwa kwenye mkokoteni kama mzigo. Watu wana kiu. Halafu mwovu mmoja, mwenye upanga, anafika penye maji, anajaza, kisha anayamimina yote mchangani huku anasema kitu. Picha ikaishia hapo. Babu akasema, "Nimejiuliza miaka sitini, yule bwana alisema nini? Mtu anayemwaga maji jangwani anasema nini?"

Wadau, usiku ule sikulala. Nilifukua mpaka nikaipata. Hadithi hiyo inaitwa Marco Polo, ya mwaka 1964, vipindi saba. Msafiri Marco Polo anamnyang'anya yule mzee kibanda chake ili akampe zawadi Kublai Khan, apate ruhusa ya kurudi kwao Venice. Wanavuka jangwa la Gobi. Msaliti kwenye msafara anaitwa Tegana, na kipindi cha pili kinaishia akiwa penye maji, anayamwaga.

Na Marco Polo ni miongoni mwa zilizofutwa. Vipindi vyote saba. Katika yale makopo ya Jos, hakikuwamo hata kimoja.

Lakini sauti ipo! Hili ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote. Miaka ile ya 60 kulikuwa na watoto wa Kiingereza walioipenda tamthilia hii mno, na kwa kuwa hakuna marudio wala video, walisogeza tepurekoda karibu na luninga, wakarekodi sauti. Watoto tu, sebuleni kwao, huku mama anaambiwa asigonge vyombo. Kwa ajili yao, kila kipindi kilichofutwa bado kinasikika. Shirika zima lenye wataalamu na bajeti lilitupa, mtoto mwenye tepurekoda akahifadhi. Sauti ya Marco Polo BBC wenyewe waliitoa kwenye CD mwaka 2003, wakitegemea rekodi za namna hiyo.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Uingereza wana sauti bila picha. Babu yangu, Msamala, ana picha bila sauti.

Kesho yake nikarudi na sauti kwenye simu. Kiingereza cha babu ni cha Posta ya zamani, kinazidi changu. Alikaa kwenye kiti chake chini ya mwembe, akafumba macho, nikawasha kipindi cha pili. Mwanzo alikuwa kimya. Kisha akaanza kuninyooshea kidole kila kitu anachokumbuka: hapa upepo wa mchanga, hapa yule binti anaogopa, hapa wanalala. Mimi ni mwandishi, najua kumbukumbu ya miaka sitini si filamu, na siwezi kuapa kwamba kila alichokiona kichwani ndicho kilichopita kwenye kioo kile. Lakini tulipofika mwisho, kabla Tegana hajasema neno, babu alisema, "Sasa anamwaga."

Na Tegana akasema. Anamdhihaki Marco Polo, kwamba maji yako haya hapa, njoo uyachukue.

Babu akafumbua macho. "Kumbe alikuwa anamcheka!" Akarudia mara mbili tatu. Kisha akasema, "Nilidhani anaomba msamaha."

Tukasikiliza vyote saba kwa siku tatu. Kublai Khan anapotokea, kumbe ni mzee mgonjwa wa miguu, na yule mzee wa kibanda anaumwa mgongo, wote wanaguguma kwa pamoja. Babu akacheka mpaka bibi akatoka jikoni. Nilimwonyesha pia picha ya Ncuti Gatwa. "Huyu Mnyarwanda ndiye mwenye kibanda sasa?" Ndiye, babu. Akatikisa kichwa, akasema mzee yule kweli alijua kusafiri. Gatwa naye alikuja kuachia nafasi hiyo mwaka 2025. Ndivyo kibanda kilivyo, kinapita mikononi.

Safari hii nilirekodi. Babu alisimulia Nairobi yote, nguzo za simu alizopanda, jinsi alivyosikia kwa redio mwaka 1977 kwamba mpaka umefungwa. Rekodi hiyo ipo sehemu tatu: kompyuta yangu, diski kwa dada yangu Makambako, na nyingine kwa rafiki yangu Dar.

Bado nilikuwa na deni moja. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri. Nikarudi kijijini, nikakaa kwenye kigoda kile kile, nikamwambia yule mzee ukweli: sauti ya mama niliifuta mimi mwenyewe, na siku ile nilikudanganya.

Alinyamaza muda mrefu. Hakunigombeza, na nadhani ningependelea anigombeze. Mwisho akasema, "Basi tukae tuone tunakumbuka nini." Akaita watu wa nyumbani. Mimi nikasimulia habari za kibuyu kama nilivyozishika, yeye akasahihisha sehemu mbili: mtoto aliyekufa alikuwa wa kike, na alikuwa na jina. Mimi jina hilo nilikuwa nimelisahau, na safari hii nimeliandika. Wimbo ulitushinda. Mkwe wake alikumbuka mstari wa mwisho na mapigo ya mchi. Yaliyobaki yamekwenda na bibi. Nilirekodi kilichopatikana, nikawaachia nakala kwenye simu ya mjukuu kabla sijapanda bodaboda.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee wa Majimaji. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1905 walikuwa bado hai. Mwaka 1969 Mapunda na Mpangara wakachapisha kitabu kuhusu vita hivyo hapa Ungoni. Walifanya hivyo kwa daftari na kalamu, kwa miguu. Sisi kila mmoja ana kinasa sauti mfukoni, na tunakijaza vichekesho.

Sina mahubiri marefu. Jumapili hii, kama una babu au bibi, au mzee yeyote jirani anayesema mambo mnayoyaita kamba, kaa naye nusu saa uwashe simu. Muulize alionea wapi. Kisha usiache rekodi kwenye simu peke yake, ipeleke kwa mtu wa pili. Na ukiambiwa nafasi imejaa, tafadhali, futa hotuba.

Naomba kuwakilisha. Tuko pamoja.